Koma kwa Laki na Ishirini: Kozi ya Jumamosi Kariakoo

Nianze na jibu, maana najua mnaouliza habari za kozi hii ya kuandika Kiingereza cha ofisini mnataka kujua kitu kimoja tu: hela inarudi? Inarudi, kama kazi yako ni kuandika Kiingereza ambacho mtu mwingine atakitia saini. Kama unataka kujifunza kuzungumza, au unatafuta cheti cha kupamba maombi ya kazi, nenda kwingine. Cheti wanatoa, tena kimechapwa vizuri kwenye karatasi ngumu, ila hakina uzito wowote kwa mwajiri, na mwalimu mwenyewe anakwambia hivyo siku ya kwanza bila kupepesa macho.

Mimi ni katibu muhtasi kwenye ofisi ya mawakili hapa Dar. Kutwa kucha ni mikataba ya pango, viapo, barua za madai na makabrasha ya zabuni. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, hati nyingi tunazichapa kwa Kiswahili, na mimi nashukuru. Lakini benki, kampuni za nje na wafadhili bado wanataka mikataba yao kwa Kiingereza. Wakili anaandika rasimu kwa haraka, au anaisema kwenye simu akiwa kwenye foleni ya daraja la Selander, mimi nachapa. Maneno ni yake. Koma zinabaki kuwa zangu, kwa sababu sijawahi kumsikia wakili akisema "hapo weka koma". Siku mteja akirudi na ugomvi, ndipo kila mtu anakumbuka kuuliza nani alichapa.

Tangazo lao lilizunguka WhatsApp likiitwa "Uandishi wa Kiingereza cha Ofisini". Hilo jina limedanganya kidogo. Ukifika unakuta robo tatu ya kozi ni koma, na robo iliyobaki ni nuktamkato na ugomvi. Waliokuja wakitarajia kufundishwa barua za kuomba kazi walinuna, wawili watatu hawakurudi. Mimi nilitulia kwenye kiti, maana hicho ndicho nilichokuwa nakihitaji na hakuna mahali pengine nilipokiona kikifundishwa kwa mtu mzima.

Mwalimu ni mzee aliyestaafu sekondari, kisha akafanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha uchapaji akisoma prufu. Kila mtu anamwamkia shikamoo, hata afisa utumishi mmoja mwenye mvi ambaye ukiwaweka pamoja hujui nani mkubwa. Ana sauti ndogo. Feni za ukumbi zina sauti kubwa. Hilo nitalirudia.

Kilichonishika ni jinsi alivyoanza. Hakugawa orodha ya kanuni. Aliandika ubaoni sentensi moja ya aina tunayoichapa kila wiki, akaiacha wazi bila koma, akamwita mtu mmoja mmoja aje aweke:

"All bidders who submitted their documents before the deadline are invited to the opening of the tender."

Karibu darasa zima tuliweka koma baada ya "deadline". Nenda ofisi yoyote ya serikali ya mtaa usome ubao wa matangazo: "Wazabuni wote waliowasilisha nyaraka zao kabla ya muda uliopangwa, wanaalikwa kuhudhuria." Koma ipo, na hakuna anayeshtuka. Tumefundishwa tangu darasa la pili kwamba koma ni mahali pa kupumzika kidogo, na baada ya kiima kirefu namna ile pumzi imekwisha, kwa hiyo unapumzika. Mwalimu akachora mstari mmoja chini ya kiima, kuanzia "All" hadi "deadline", akachora mistari miwili chini ya "are invited". Halafu akafuta koma zetu kwa kidole. Kati ya kiima na kitenzi chake, akasema, Kiingereza cha leo hakiruhusu koma moja. Mbili zinaruhusiwa, kama umechomeka maelezo katikati na ukayafunga pande zote. Moja haina kazi pale.

Halafu akafanya kitu ambacho mwalimu mwingine asingekifanya. Badala ya kutuacha tujione wajinga, aliandika marekebisho ya pili ya Katiba ya Marekani, yale ya silaha, yaliyoridhiwa mwaka 1791: "A well regulated Militia, being necessary to the security of a free State, the right of the people to keep and bear Arms, shall not be infringed." Tazameni koma baada ya "Arms", akasema. Kiima ndicho kile, "the right of the people", na kitenzi ndicho kile, na koma imekaa katikati kama kwenye ubao wa matangazo wa Manzese. Wakati huo Kiingereza nacho kiliandikwa kwa pumzi, kwa ajili ya mtu anayesoma kwa sauti mbele ya watu. Baadaye koma zikahama kutoka kwenye mapafu zikaenda kwenye sarufi. Kiswahili chetu hakijahama bado, au kimehama nusu. Mpaka leo Wamarekani wanabishana zile koma tatu zina maana gani, na kesi kubwa ya mwaka 2008 pale Mahakama yao ya Juu iliamuliwa kwa majaji watano dhidi ya wanne.

Kwangu mimi somo hilo peke yake ni nusu ya ada. Mtu akishaelewa kwamba anahama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, haogopi tena.

Somo la pili lilikuwa la sentensi mbili zilizounganishwa kwa koma tupu. "The landlord refused, the tenant went to court." Kwa Kiingereza hilo ni kosa, na ni kosa ambalo wasahihishaji wa Kizungu wanalichukia kuliko mengine yote. Kwa Kiswahili, "Mwenye nyumba alikataa, mpangaji akaenda mahakamani" ni sentensi safi, inateleza. Tofauti iko kwenye ile -ka-. Sisi kitenzi chenyewe kinashika mkono wa kitenzi kilichotangulia, kwa hiyo koma inabaki kupumzika tu. Kiingereza hakina -ka-, kwa hiyo lazima ulete kiunganishi, au nuktamkato, au ukate kabisa kwa nukta. Mwalimu alitufanyisha zoezi zuri: alitupa hadithi fupi ya Kiswahili yenye vitenzi vya -ka- mfululizo, akatuambia tuiandike kwa Kiingereza bila kuacha koma hata moja ikiwa inashikilia sentensi mbili peke yake. Ukumbi mzima ulinyamaza, zikabaki feni.

Kijana mmoja anayeandika tasnifu ya uzamili alinyoosha mkono. "Mwalimu, samahani, mbona kuna ile ya jemadari Julius Kaisari, 'I came, I saw, I conquered'?" Swali zuri. Mwalimu akajibu kwamba vishazi vifupi, vyenye umbo moja, vikifuatana vitatu, vinasamehewa, kwa sababu msomaji anaona mwenyewe kuwa ni orodha. Yule kijana akauliza tena kama tasnifu yake nayo itasamehewa. "Wewe bado hujashinda vita," mzee akamwambia.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kwa kazi yangu ndicho kilicholipia nauli: koma za maelezo yanayofuata "who" na "which". Alituandikia tangazo la kazini mara mbili.

"The employees who were absent on Monday will not be paid."

"The employees, who were absent on Monday, will not be paid."

La kwanza linawakata mshahara wale waliotoroka tu. La pili linasema wafanyakazi wote hawakuwepo Jumatatu na wote hawalipwi. Yule afisa utumishi aliinama akaandika kwa muda mrefu sana, na mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona hachukui maelezo bali anatafuta kitu kwenye simu, nadhani tangazo lake la mwaka fulani. Kipimo alichotupa mwalimu ni chepesi: yafunike maelezo yale kwa kidole. Kama kilichobaki bado kinamhusu mtu yuleyule uliyemkusudia, weka koma pande zote mbili. Kama kilichobaki kimebadilisha nani anahusika, usiweke hata moja.

Kiswahili hapa kina urahisi wake. "Wafanyakazi waliokosekana Jumatatu" tayari umewachagua, ile -o- ndani ya kitenzi imefanya kazi. Ndiyo maana hatujazoea kuiachia koma kazi ya kuchagua watu, na ndiyo maana kwenye Kiingereza tunaziweka kiholela, mara ipo, mara haipo.

Mfano uliofuata ulivunja mbavu za watu. "My brother, who lives in Mwanza, is a doctor." Kwa koma zile, akasema, umeshamwambia Mwingereza kwamba una kaka mmoja tu, na kwa bahati anaishi Mwanza. Ukiwa na kaka wengi, koma zitoke. Mama mmoja anayefanya kazi kwenye shirika la afya akauliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, na sisi ambao kwa baba tuko kumi na wanne, na kwa baba mdogo wako tisa, na wote ni kaka?" Mzee alikaa kimya, akafuta ubao, akaandika jina la mtu badala ya "brother". Hapo nilimpenda. Kama sentensi haibebi ukweli wa nyumbani kwako, badilisha sentensi.

Siku ya kesi ilikuwa ndiyo bora kuliko zote, na waandaaji wangekuwa na akili wangeiweka mwanzoni ili watu wasikimbie. Alianza na madereva wa maziwa wa jimbo la Maine, Marekani. Kampuni iliitwa Oakhurst Dairy. Sheria ya jimbo ilisema anayefanya kazi zaidi ya saa 40 kwa wiki alipwe mara moja na nusu kwa saa za ziada, halafu ikataja kazi ambazo hazihusiki: "canning, processing, preserving, freezing, drying, marketing, storing, packing for shipment or distribution of" vyakula vya aina fulani. Madereva wanasambaza. Hawafungashi. Swali likawa: maneno "or distribution" ni kazi inayojitegemea, au yote mawili, kusafirisha na kusambaza, yako chini ya "packing", yaani kufungasha tu? Kabla ya "or" hapakuwa na koma.

Alituachia tubishane kabla ya kutoa jibu, na ukumbi uligawanyika katikati. Mimi nilikuwa upande wa kampuni, nikiamini mtunga sheria asingeacha orodha bila "or" mbele ya kitu cha mwisho. Upande wa pili wakasema tazama maumbo ya maneno: kila kazi kwenye orodha imeishia na -ing, canning, drying, storing, packing. "Shipment" na "distribution" hazina. Kwa hiyo hizo si kazi za orodha, ni makusudi ya kufungasha. Hiyo hasa ndiyo hoja ambayo mawakili wa madereva waliitumia. Machi 2017 mahakama ya rufaa ya huko iliona sheria ina utata, na kwa kuwa sheria ile iliwekwa kumlinda mfanyakazi, utata ukaamuliwa upande wa madereva. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5 kumaliza shauri. Bunge la jimbo nalo likaiandika upya ile orodha, safari hii kwa nuktamkato baada ya kila kazi, na "distribution" ikageuzwa kuwa "distributing".

Mwalimu aliitumia kesi hiyo kuitetea koma ya Oxford, ile inayowekwa kabla ya "and" au "or" ya mwisho kwenye orodha. Hapa sikubaliani naye sana. Koma ile ingezuia kesi, sawa. Lakini mwongozo wa waandishi wa sheria wa Maine wenyewe uliwaambia wasiiweke, kwa hiyo kutokuwepo kwake hakukuthibitisha kitu. Kilichowapa madereva nguvu ni ile -ing pamoja na kanuni ya kumlinda mfanyakazi. Nilimwambia hivyo. Akasema nikafanye kazi kwa mawakili. Nikamwambia ndiko niliko.

Ya pili ilikuwa ya Kanada, ya nguzo za umeme na simu. Kampuni ya Rogers ilikuwa inakodi nguzo za kupitishia nyaya zake kutoka kampuni ya Aliant. Mkataba ulisema utadumu miaka mitano, na baada ya hapo vipindi vingine vya miaka mitano mitano, "unless and until terminated by one year prior notice in writing by either party". Kabla ya "unless" kulikuwa na koma. Rogers aliamini bei yake imefungwa kwa miaka mitano ya mwanzo. Aliant akasema koma ile inaifanya haki ya kuvunja mkataba kwa notisi ya mwaka mmoja ihusu vipindi vyote, hata cha kwanza. Mwaka 2006 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ilikubaliana na Aliant, kwa kuitazama koma. Mwaka 2007 ikageuza uamuzi. Sababu ya kugeuza ndiyo iliyonifanya niache kunywa chai: Rogers alileta toleo la Kifaransa la mkataba uleule, na kwa Kifaransa hapakuwa na utata wowote.

Sisi tunaochapa mikataba ya lugha mbili tunajua kile kifungu cha mwisho kinachosema lugha ipi itatawala zikigombana. Huwa tunakinakili tu kutoka mkataba wa zamani, hakuna anayekifikiria. Tangu siku ile nakisoma.

Ya tatu aliipitia haraka kwa sababu saa ilikuwa imekwisha, lakini watu waliokaa karibu na mimi waliitaka zaidi. Roger Casement, yule konseli wa Uingereza ambaye ripoti yake ya 1904 ilianika ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kule Kongo. Alikuwa mtu wa Ireland, na mwaka 1916 Waingereza walimshtaki kwa uhaini kwa mambo aliyoyafanya akiwa Ujerumani. Sheria yenyewe ilikuwa ya mwaka 1351, imeandikwa kwa Kifaransa cha zamani cha Wanormani, na ilimhusu anayewafuata maadui wa mfalme ndani ya ufalme, akiwapa msaada humo au kwingineko. Wakili wake alidai sheria inamshika aliyetenda akiwa ndani ya nchi tu. Kila kitu kikategemea "au kwingineko" linashikamana na nini, na majaji wakaenda kuitazama hati ya kale yenyewe kutafuta alama za mkato. Alinyongwa London tarehe 3 Agosti 1916, na watu wakabaki kusema kanyongwa kwa koma. Nilidhani mwalimu angeirudia wiki iliyofuata. Hakuirudia.

Sasa kasoro, na zipo.

Kablasha lao ni la kuokoteza. Kurasa nyingine zinafuata Kiingereza cha Uingereza, nyingine cha Marekani, na hakuna aliyekaa akazipatanisha. Ukurasa mmoja unakuambia uandike "9 December 1961" bila koma, ukurasa wa mbele mfano ni "On December 9, 1961, the country became independent", koma mbili, na hakuna neno la kueleza kwamba zote mbili ni sahihi kwa watu wawili tofauti. Kwenye alama za kunukuu ndiyo fujo zaidi: Mmarekani anaingiza koma ndani ya alama ya kufungia hata kama haikuwa ya msemaji, Mwingereza anaiacha nje isipokuwa ni ya maneno yenyewe. Kablasha linafanya hivi na vile kwenye zoezi moja. Sisi hapa kwa barua za ofisini tunafuata Uingereza zaidi, lakini ukifanya kazi na mfadhili wa Kimarekani atakurudishia ripoti imejaa wino. Mtu anayelipa laki na ishirini anastahili ukurasa mmoja wenye safu mbili, Uingereza huku, Marekani kule. Nimewaambia. Wamesema wameandika.

Mazoezi ya nyumbani yanarudi yamechelewa, na majibu hayamo kwenye kablasha, eti watu wasitazamie. Watu wazima wenye familia tutatazamia nini? Darasa ni kubwa mno kwa mwalimu mmoja. Kuanza saa tatu maana yake ni saa tatu na nusu, na aliyewahi anaadhibiwa kwa kumsubiri aliyechelewa. Umeme ukikatika wanafungua madirisha, na hapo unasikia wauza nguo wa mtaani wakitaja bei vizuri kuliko unavyomsikia mwalimu. Chai ni nzuri. Sambusa ni za moto, nyama ipo ya kutosha, pilipili wanaiweka pembeni. Hilo nawapa.

Kitu kingine kilichonikera kidogo ni jinsi mzee anavyozipuuza programu za kukagua Kiingereza. Mtu akitaja tu, anatikisa mkono. Mimi nilichukua sentensi zetu za darasani nikaziingiza kwenye programu tuliyonayo ofisini, nikalinganisha. Koma inayokosekana baada ya maneno ya utangulizi, kama "After the hearing" au "In the meantime", inaikamata kila mara. Koma kati ya kiima na kitenzi inaikamata mara nyingi, isipokuwa kiima kikiwa kirefu sana, na kwetu kiima huwa kirefu sana. Lile tangazo la wafanyakazi wa Jumatatu iliyapitisha yote mawili bila neno. Na ni haki yake: programu haijui kama ni wafanyakazi wote waliokosekana au baadhi, wala haijui kwa baba mko wangapi. Hilo mwalimu angeweza kulifanya somo zuri kuliko kutikisa mkono, kwa sababu kila mtu darasani anazo programu hizo na ataendelea kuzitumia kesho.

Niwaonyeshe sasa kilichobadilika kwenye meza yangu, kwa kifungu kimoja tu. Mkataba wa pango ulikuja na maneno haya: "The Landlord shall repair the roof, the gate and the water pump if damaged by rain." Zamani ningeuchapa ulivyo. Swali ni mvua inahusu nini. Pampu peke yake, au na paa na geti? Ukiweka koma kabla ya "if", unamsogeza msomaji aone kwamba mvua inagusa vyote vitatu, na wapo majaji wanaosoma hivyo. Ukiiacha, mtu anaweza kudai geti litengenezwe hata kama amelipiga kwa gari lake mwenyewe akirudi usiku. Mwalimu alipoletewa sentensi ya namna hii alikataa kuweka koma na alikataa kuitoa. Alisema palipo na pesa usiiachie koma ikulindie maana, geuza sentensi mpaka koma isiwe na la kuamua. Kwa hiyo niliandika pembeni kwa penseli: "If rain damages the roof, the gate or the water pump, the Landlord shall repair the damage." Nikampelekea wakili. Akaisoma, akauliza, "Hii umeitoa wapi?" Nikamwambia Kariakoo. Akadhani namtania, ila kifungu kiliingia hivyohivyo, na sasa rasimu nyingine anazileta na alama ya kuuliza pembeni, akitaka niziangalie kabla ya mteja.

Hiyo ndiyo tofauti ya kozi hii na orodha za kanuni unazozikuta kila mahali. Wengine wanakufundisha koma ziende wapi. Huyu mzee anakufundisha kwanza kuona sentensi imesimama juu ya nini, na ukishaiona, koma nyingi zinajipanga zenyewe na nyingine zinatoka.

Kwa anayetaka kwenda: ada ni laki na ishirini, wanapokea nusu mwanzoni na nusu katikati, na usikubali kulipa yote siku ya kwanza hata wakikuambia kuna punguzo. Ukumbi uko ghorofa ya pili, ngazi ni nyembamba, na mtu mwenye matatizo ya magoti ajiandae. Kaa safu mbili za mbele, upande wa kushoto, mbali na feni ile kubwa, la sivyo utasikia nusu ya somo. Beba hati zako mwenyewe za kazini ukiwa umefuta majina ya wateja, maana mzee anazipenda kuliko kablasha na atakufundisha kwa kuzitumia. Na kama kazi yako ni ya mfadhili wa Kimarekani, mwulize mapema, tena mbele ya watu, leo tunafuata nchi gani.